09 255: Historia ya Simu Iliyotuunganisha na Nyumbani

Kila tarehe 9 Desemba tunapokusanyika hapa Johannesburg kuadhimisha Uhuru, pilau huwa haijapakuliwa simu zimeshatoka mifukoni. Huyu anamwonyesha shangazi yake wa Tanga bendera, yule anamzungushia simu babu wa Songea ili aone wajukuu walivyopendeza. Watoto wanaona jambo la kawaida. Sisi tuliofika zamani tunakumbuka tarakimu tano: 09 255.

Watoto wetu hawazijui, kwa hiyo tuanze kwa kuwaeleza. Namba 09 ilikuwa mlango wa kutokea Afrika Kusini kwa simu, mpaka Januari 2007 ilipobadilishwa kuwa 00. Namba 255 ni Tanzania. Ukishapiga hizo tano, ulifuatisha namba ya mji, kisha namba ya nyumba. Upande wa pili, simu ililia juu ya meza, na mara nyingi meza hiyo haikuwa ya mama yako. Ilikuwa ya jirani, ya mwenye duka, au ya ofisi ya mwalimu mkuu.

Kwa miaka mingi, aliyeipokea simu yetu kule na kuifikisha mezani ni kampuni moja tu: Kampuni ya Simu Tanzania, yaani TTCL. Ilikuwa kubwa, ikatetereka, ikauzwa kwa sehemu, ikarudishwa. Tumeona tuiandike historia yake katika jarida hili kwa sababu ni sehemu ya historia yetu sisi tulioko ugenini.

WAYA WA KWANZA

Neno "simu" lina asili ya Kiajemi, nalo maana yake ni waya. Ndiyo maana wazee wetu waliweza "kupiga simu" kabla hawajawahi kushika simu ya kuongelea. Walikuwa na maana ya telegramu: maneno machache yaliyosafiri kwa waya na kuandikwa kwenye karatasi yakifika.

Waya wa kwanza wa kuiunganisha pwani yetu na Afrika Kusini ulilazwa chini ya bahari mwaka 1879, na chanzo chake kilikuwa vita. Tarehe 22 Januari mwaka huo jeshi la Waingereza lilishindwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana. Habari hizo zilichukua karibu wiki tatu kufika London, kwa kuwa hapakuwa na waya kutoka huku kwenda Ulaya. Ilibidi habari ipande meli kwanza. Uingereza iliona haiwezi kuendesha vita kwa kasi ya meli, na waya ukaharakishwa. Kampuni ya Eastern and South African Telegraph ikaulaza kutoka Durban, kupitia Delagoa Bay ambayo leo ni Maputo, kisha Kisiwa cha Msumbiji, kisha Zanzibar enzi za Sultani Barghash, hadi Aden, ambako tayari kulikuwa na nyaya za kwenda India na Ulaya. Mwisho wa mwaka ule ule kazi ilikuwa imekamilika.

Kwa hiyo Zanzibar na Durban zimeunganishwa kwa waya tangu karne ya kumi na tisa. Lakini waya ule haukuwekwa ili mama amwulize mwanawe kama amekula. Uliwekwa kwa ajili ya majeshi, serikali na wafanyabiashara wakubwa. Mwananchi wa kawaida aliishi jirani nao bila kuutumia.

SHIRIKA LA NCHI TATU

Uhuru ulipofika mwaka 1961, Tanganyika haikuwa na shirika la simu la peke yake. Posta na simu zilikuwa huduma ya pamoja na Kenya na Uganda. Mwaka 1967 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa, huduma hiyo ikawa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki, makao makuu yake yakiwa Kampala. Simu za kwenda ng'ambo zilikuwa mikononi mwa kampuni nyingine, East African External Telecommunications, iliyokuwa ubia wa nchi zetu na kampuni ya Kiingereza ya Cable & Wireless. Mwaka 1970 kituo cha setilaiti kilifunguliwa Longonot, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, kikawa dirisha la Afrika Mashariki kwa dunia.

Jina la kampuni hiyo lingalipo machoni petu. Aliyepita Barabara ya Samora, Dar es Salaam, amepita mbele ya jengo la Extelecoms. Aliyetembea Shangani, Unguja, ameliona jengo la zamani la Extelecoms, ambalo siku hizi ni sehemu ya hoteli ya Serena. Wengi wetu tulilitaja jina hilo tangu utotoni bila kujiuliza limetoka wapi. Ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya mawasiliano ya nje.

Jumuiya ikavunjika mwaka 1977. Mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na kila nchi ikachukua nguzo, nyaya na mitambo iliyobaki upande wake. Tanzania ikaunda Shirika lake la Posta na Simu, na baadaye kituo cha setilaiti kikajengwa Mwenge, Dar es Salaam. Hata hivyo undugu wa zamani uliacha alama. Mpaka leo ukiwa Tanzania unaweza kuipigia Kenya kwa kuanza na 005 na Uganda kwa 006, na wao wakatupigia kwa 007, bila kutumia namba ndefu za kimataifa. Jumuiya ilikufa ikafufuka, namba zake zikiwa zimebaki.

Shirika lile lilikuwa na kazi nzito na mfuko mwepesi. Nchi ni kubwa, fedha za kigeni zilikuwa chache, na nyaya za shaba ziligharimu sana. Aliyeomba simu nyumbani alisubiri miaka. Simu ilikuwa alama ya cheo: ya mkuu wa wilaya, ya mganga mkuu, ya tajiri mwenye mabasi. Kupiga mkoa mwingine kulipitia kwa opereta, ukamtajia namba, ukasubiri akuite.

Mageuzi yalipokuja, shirika likagawanywa kwa sheria ya mwaka 1993. Posta ikaenda zake, na tarehe 1 Januari 1994 TTCL ikaanza kazi kama kampuni inayojitegemea chini ya serikali. Miezi minne baadaye, tarehe 27 Aprili 1994, wananchi wote wa Afrika Kusini walipiga kura kwa mara ya kwanza. Nchi ambayo serikali yetu iliikataa kwa miaka yote ya utawala wa makaburu, huku wapigania uhuru wake wakiishi kwetu Morogoro na Dar es Salaam, ikafungua milango. TTCL na safari zetu za kuja Johannesburg vilianza mwaka mmoja.

DAKIKA ZENYE BEI

Wengi wetu wa mwanzo tulipanga Hillbrow na Yeoville. Juu ya vichwa vyetu ulisimama ule mnara wa simu wenye urefu wa mita 269, uliojengwa kati ya 1968 na 1971 ili mawimbi ya simu yavuke juu ya maghorofa ya mji. Tuliishi chini ya mnara mrefu wa simu, nasi hatukuwa na simu.

Tulikuwa na vibanda. Simu za bluu za Telkom zilitaka sarafu, za kijani zilitaka kadi. Jumapili jioni foleni ilikuwa ndefu, na kila mtu alisikia mambo ya mwenzake, ya ada, ya mahari, ya shamba lililouzwa bila ndugu kuambiwa. Ilikuwa adabu kujifanya hukusikia.

Kupiga nyumbani kulianza wiki tatu kabla, kwa barua: "Mwambieni mama awe kwa Mzee fulani Jumapili, saa kumi jioni." Mama alivaa khanga mpya, akaenda mapema, akaketi sebuleni kwa watu. Hapo ndipo wengine wetu tulipojifunza kwamba Tanzania iko mbele ya Afrika Kusini kwa saa moja. Tulipiga saa kumi ya Johannesburg, tukaambiwa mama amesubiri saa nzima, amekata tamaa, ameondoka.

Ukimpata, dakika zilikwenda kwa salamu. Mswahili hawezi kuanza na shida. Utauliza hali ya mama, ya baba, ya jirani mwenye simu, kisha kadi inaanza kuhesabu za mwisho nawe hujasema ulilotaka kusema. Wapo miongoni mwetu waliojua habari ya msiba wa mzazi baada ya matanga kuanuliwa, kwa barua. Ndiyo sababu wazee wa jumuiya hii mpaka leo hushtuka simu ikilia usiku. Zamani simu ya usiku haikuwa na heri.

Kwa nini dakika ziligharimu vile? Sababu yake ndiyo kiini cha kupanda na kushuka kwa kampuni hii. Simu ya nchi hadi nchi ilikuwa na malipo mawili. Sisi tuliilipa kampuni ya huku, kisha kampuni ya huku ikailipa kampuni ya kule kwa kuifikisha simu mpaka mwisho. Malipo hayo ya pili yalikuwa fedha za kigeni. Kwa kampuni za simu za nchi zetu, simu zinazoingia kutoka nje zilikuwa kama zao la biashara, mithili ya kahawa au katani. Faida yake ilisaidia kubeba simu za ndani zilizotozwa bei nafuu.

Kwa maneno mengine, umbali wenyewe ulikuwa mali. Kila tuliposema "shikamoo mama" kutoka kibandani Hillbrow, tuliiingizia nchi yetu fedha za kigeni bila kujua. Lakini kampuni inayoishi kwa ughali wa umbali ina hatari moja. Siku umbali ukiwa rahisi, msingi wake umeondoka.

MTOTO ALIYEMPITA MZAZI

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 TTCL ilikuwa na wateja wasiofika laki mbili, katika nchi ambayo sensa ya 2002 ilihesabu watu zaidi ya milioni 34. Serikali iliamua kutafuta mbia. Februari 2001 asilimia 35 ya hisa ziliuzwa kwa ubia wa kampuni ya Detecon ya Ujerumani na MSI ya Uholanzi. Bei iliyokubaliwa ilikuwa dola milioni 120. Nusu yake ililipwa, na nusu ya pili ikageuka mzozo kuhusu thamani halisi ya kampuni. Kwa upande wake TTCL ilipewa miaka minne, hadi Februari 2005, ya kuwa peke yake katika simu za mezani na za kimataifa Tanzania Bara.

Wakati huo simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia. Mobitel ilianza katikati ya miaka ya tisini. Mwaka 2000 ikaingia Vodacom, kampuni ambayo makao yake makuu yako Midrand, mwendo wa nusu saa kutoka hapa tulipo. Hapa pana jambo la kufikirisha. Sisi tulitoka Tanzania kuja Johannesburg kutafuta maisha, na kampuni kutoka pembeni mwa Johannesburg ikaenda Tanzania kutafuta wateja. Tulipishana njiani.

TTCL nayo ilianzisha simu ya mkononi mwaka 2001, ikaitwa Celtel. Simu hiyo haikuhitaji nguzo wala waya hadi mlangoni, wala fundi wa kusubiriwa. Haikuwa na bili ya mwisho wa mwezi. Mtu alinunua vocha, akaikwangua, akaongea. Asiye na salio alibipu, akakata, akangoja apigiwe. Neno "kubipu" liliingia katika Kiswahili bila kuomba ruhusa, na sisi wa ugenini ndio tuliobipiwa kuliko wote.

Ilipofika mwaka 2005, Tanzania ilikuwa na simu za mkononi karibu milioni 3, na za mezani bado hazikufika laki mbili. Mwaka huo mambo mawili yalitokea. La kwanza, muda wa upekee wa TTCL uliisha, na kampuni nyingine zikaruhusiwa kupitisha zenyewe simu za kwenda na kutoka nje. Lile zao la fedha za kigeni likawa la wote. La pili, Celtel ilitenganishwa na TTCL ikawa kampuni mbali, serikali ikibaki na asilimia 40. Mtoto aliondoka nyumbani na ufunguo wa ghala. Baadaye alibadili jina kuwa Zain, kisha Airtel.

Tusidhani ni kwetu tu. Telkom ya hapa ilipitia njia inayofanana. Mwaka 1997 iliuza asilimia 30 kwa wabia wa Marekani na Malaysia, ikapewa miaka mitano ya kuwa peke yake katika simu za mezani. Nayo ilikuwa mmiliki wa nusu ya Vodacom, na mwaka 2009 ikaachana nayo. Nchi mbili, wazazi wawili, na watoto waliowapita wazazi wao.

TTCL ilijaribu njia nyingi. Kati ya 2007 na 2009 ilikabidhiwa kwa menejimenti ya SaskTel ya Kanada, na mkataba huo ukakatizwa. Mbia mwenye asilimia 35 aliendelea kuwa na hisa zake, zikihama kila kampuni iliponunuliwa na nyingine, kutoka Uholanzi hadi Kuwait hadi India. Mwaka 2016 serikali ilizinunua tena kwa shilingi bilioni 14.9. Mwaka uliofuata Rais Magufuli akaagiza umiliki wa Airtel uchunguzwe, akisema kampuni hiyo ni mali ya TTCL. Mazungumzo na kampuni ya Bharti ya India yakafikia mwisho mwaka 2019, na hisa za serikali katika Airtel Tanzania zikapanda kutoka asilimia 40 hadi 49.

KILICHOBAKI CHINI YA ARDHI

Je, TTCL imekufa? Hapana. Kilichokufa ni biashara ya kuuza umbali. Tangu 2018 kampuni imegeuzwa kuwa Shirika la Mawasiliano Tanzania, mali ya umma kwa asilimia mia, nalo ndilo linaloendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ile njia ya nyaya za kioo inayobeba intaneti mikoani. Kampuni nyingi zilizoishinda katika kuuza sauti sasa hupitisha data zao humo.

Na tazameni ramani ya baharini. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukiziunganisha Afrika Kusini, Maputo, Dar es Salaam na Mombasa, na kuendelea hadi India na Ulaya. Mwaka uliofuata ukaja EASSy, ambao TTCL ina hisa ndani yake, kutoka Mtunzini katika pwani ya KwaZulu-Natal hadi Port Sudan. Ni karibu njia ile ile ya 1879, baada ya miaka 130. Zamani ilibeba amri za jeshi, neno kwa neno. Leo inabeba uso wa bibi yako.

TTCL iliporudi sokoni baada ya 2016, ilitangaza kwa maneno "Rudi nyumbani kumenoga." Ilikuwa inawaita wateja waliohamia mitandao mingine. Tulioyasoma tukiwa Johannesburg tulicheka, kisha tukanyamaza kidogo, kwa sababu kila mmoja wetu aliona ameitwa kwa jina.

KWA WATOTO WETU

Mnatuuliza kwa nini tunapaza sauti tukiongea na simu. Tulijifunza kuongea wakati sauti ilipaswa kuvuka nchi nne na kadi ilikuwa inaisha. Mnatuuliza kwa nini tunarudia salamu. Ni kwa sababu salamu ndizo tulizokuwa na uhakika wa kuzimaliza.

Tunakiri pia kosa letu. Wakati dakika ilipokuwa ghali, tulipiga kila Jumapili. Sasa dakika haina bei, na wapo miongoni mwetu wanaomaliza miezi miwili kwa kutuma picha na alama za kidole gumba kwenye kundi la familia, na watoto ambao bibi yao anawajua kwa sura lakini hajawahi kusikia wakimwamkia kwa Kiswahili. Hapo hatuwezi kulaumu shirika lolote, la umma wala la binafsi. Nyaya zote zipo. Mpigaji ndiye anayekosekana.

Kwa hiyo tunawaomba jambo moja katika sherehe hii. Kabla keki haijakatwa, kila mtoto achague mzee mmoja nyumbani, ampigie, aseme "shikamoo," asubiri "marahaba," kisha aulize: "Bibi, zamani simu ilikuwa nyumba ya nani hapo kijijini?" Atapewa jina. Atapewa na hadithi ya jirani aliyekimbia barabarani na mvua, akiita, "Njooni, simu ya Johannesburg!" Majirani hao hawakulipwa na kampuni yoyote. Ndio waliokuwa kipande cha mwisho cha waya, na majina yao hayajaandikwa popote. Yaandikeni, mtuletee, tuyachape katika jarida la mwakani.

Heri ya Uhuru kwenu nyote.